Bi Aliyesikiliza Matrekta

Katika mji ambao mzigo mzito hubebwa na punda, na vichochoro vingine ni vyembamba hata punda mwenyewe hupita akijifikiria, mtu aliyejua matrekta kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani ambaye, kwa ninavyojua mimi, hakuwahi kukalia kiti cha trekta hata mara moja. Tulimwita Bi Mwenye Trekta. Ukoo wake siutaji. Hapa Amu, au Lamu kama waitavyo wa bara, kila mtu anaujua ukoo wa mwenzake hadi babu wa saba, na sijaona konde lililolimika kwa sababu hiyo. Nilipoanza kuwa na akili alikuwa tayari mtu mzima. Sasa mimi nina miaka arobaini na tisa, mvi zangu nazificha chini ya mtandio, na kwa hesabu yangu yeye hajaongeza hata siku moja.

Wenye matrekta walimjia kila Alhamisi asubuhi. Walivuka kutoka bara, kutoka vijiji vya Hindi na Mokowe, wengine kutoka kisiwa cha Pate, wakaketi kwenye daka la nyumba yake, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Yeye aliketi ndani, nyuma ya pazia la kijani. Hakuwa na desturi ya kukaa uso kwa uso na wanaume wasiokuwa maharimu wake, na hakuona kwa nini trekta libadilishe desturi hiyo. Wanaume walikuja na simu, na ndani ya simu kulikuwa na sauti ya injini waliyoirekodi: asubuhi kabla haijapata moto, adhuhuri ikiwa inavuta plau, na jioni ikizimwa. Simu ilipitishwa chini ya pazia. Bi aliiweka sikioni, akafumba macho, na daka zima likanyamaza kama watu wanaosubiri kuandama kwa mwezi.

Walioketi nje waliisikia sauti tu, nayo ilikuwa sauti ya kutisha, nzito, isiyo na haraka. Nina hakika walidhani nyuma ya pazia kumekaa jitu. Mimi nilikuwa ndani, na nilichokiona ni kibibi chenye uzito wa nusu gunia la mchele, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, ungo mapajani, anachagua chuya.

"Trekta hili ni la nani?"

"Langu, Bi. Jipya kabisa. Bei nafuu, na nguvu, mashallah, sijaona mfano wake."

"Umelinunua lini?"

"Huu mwezi wa pili, Bi."

"Basi wewe huna maoni. Una fungate. Nenda, urudi likishalima mvua mbili."

Daka lilicheka, na mwenye trekta naye akacheka, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza. Kwake trekta lisilomaliza mvua mbili, yaani misimu miwili, halikuwa na sifa wala aibu. Ya pili ilikuwa kwamba rangi haitajwi. Wauzaji wa bara walikuwa wakinunua matrekta yaliyochoka huko yalikochokea, wakayapaka rangi mpya na kuyapanga kando ya barabara yaking'aa. "Rangi ni wanja," alikuwa akisema. "Hata mimi nikipaka wanja mtaniona nna mato."

Tafadhali msidhani aliyadharau matrekta ya bei nafuu. Hapo ndipo wengi walipomkosea. Alikuja siku moja bwana mmoja mwenye eka nne za simsim kwenye udongo wa mchanga, ameshikwa na tamaa ya trekta kubwa la bei ya nyumba. Bi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Ng'ombe wa kuchinjwa kwa wageni wawili. Nunua lile dogo rahisi, na kilichosalia kasomeshe binti yako." Wiki ile ile alimkataza mwingine, mwenye udongo mweusi wa tope, kununua trekta dogo lile lile. "Trekta rahisi," alisema, "ni kama mkwe maskini. Ukitaka akupe heshima, atakupa. Ukitaka akujengee nyumba, mmegombana. Kosa si lake."

Mimi niliingia katika habari hii kwa mlango wa aibu. Nina shahada ya fasihi, na ninaandika insha zinazosomwa na watu wachache, wengi wao wakiwa ni jamaa zangu wanaotafuta mahali nilipowataja. Basi ajenti mmoja wa matrekta huko bara aliponiomba nimkusanyie maoni ya wateja ili ayaweke kwenye ukurasa wake wa matangazo, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alinipa fomu. Mwenye trekta alitakiwa atoe nyota, moja hadi tano, kwa ubora, na nyingine kwa thamani ya pesa zake. Nikaona njia fupi: wenye matrekta wote hukusanyika Alhamisi milango mitatu kutoka kwetu. Nikavaa buibui langu, nikapita darini kwa darini, maana nyumba zetu zimeshikana, mpaka ndani kwa Bi, nikamwonyesha fomu.

"Nyota tano maana yake nini?"

"Maana yake zuri sana, Bi."

"Zuri kwa kazi gani?"

"Kwa... kwa jumla."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa. "Mwanangu, kwa jumla hakuna alimaye. Kuna alimaye mtanga, na kuna alimaye tope. Hayo ndiyo mlofundishwa Nairobi?"

Akaniambia nigeuze fomu, niandike nyuma. Maswali yake yalikuwa manne. Umelilimia udongo gani? Mvua ngapi? Kitu kikivunjika leo, kipuri chake kiko wapi, na kitakuja kwa chombo cha nani? Na la mwisho: leo ukirudishiwa pesa zako, utanunua lile lile? Hilo la mwisho liliogopwa. Niliwaona kwa tundu la pazia wanaume waliokuwa wakimimina sifa tangu asubuhi, wakifika hapo wanaanza kuchunguza kucha zao. Mmoja alinyamaza mpaka adhana ya adhuhuri ikaanza.

"Kimya hicho," Bi alinong'ona, "kiandike."

Nikaandika "kimya" kwenye mraba wa nyota. Ajenti aliporudishiwa fomu zake hakunipigia simu tena, nami sikumlaumu. Lakini Alhamisi iliyofuata nilirudi kwa Bi bila fomu yoyote, na iliyofuata, na zikapita Alhamisi za miaka mitatu.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Alishangaa kwamba kuna cha kujifunza. Marehemu mumewe alikuwa na konde Hindi, na trekta la mtumba alilolinunua kwa sababu halikuwa na mnunuzi mwingine. Kila msimu Bi alikwenda naye, akakaa kwenye banda la makuti akiwapikia wafanyakazi, na kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wanaume wa watu, hakutoka nje. Alilisikia trekta tangu alfajiri hadi magharibi, msimu baada ya msimu, bila kuliona. Alijua limepanda tuta, limekutana na kisiki, dereva amesinzia. Ikawa likikohoa yeye ndiye anayemtuma mtoto akamwambie mumewe alisimamishe. Mwanzo mumewe alikasirika. Baadaye, likikohoa, mume mwenyewe alikuwa anasimama na kugeukia banda.

Trekta hilo hilo ndilo aliloachiwa, na hapo palikuwa na kasoro katika hekima yake, niseme ukweli. Aliweza kusikia ubovu wa matrekta yote ya dunia isipokuwa hilo moja. Lilikuwa bado Hindi, chini ya dereva mzee, na dereva alipopiga simu kuanza kulalamika, Bi alimkata: "Nambie limelima eka ngapi. Habari za afya yake sikukuuliza." Hakuna aliyeruhusiwa kulirekodi. Na mtu huyu aliyewafokea wanaume kuhusu mashine za nguvu za farasi hamsini alikuwa akimwogopa punda. Akikutana naye kichochoroni hujibandika ukutani kama tangazo, anasoma Ayatul Kursi, na punda anapita amebeba ndoo mbili za mchanga, hana habari naye.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha raha.

Mwaka wa pili wa Alhamisi zangu, Bi alianza kunipa mimi simu. "Sikiliza wewe," alikuwa akisema. "Nambie lasemaje." Hata maneno ya wa nje alitaka niyarudie, eti pazia limekuwa zito. Nilidhani ananifundisha. Zaidi ya hapo, Mungu anisamehe, nilidhani ameona kipaji changu. Mimi sijui pampu wala pistoni, kwa hiyo nilimjibu kwa mifano. Nilisema: kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuadhini, halafu haadhini. Bi akawaambia wa nje: "Hewa imeingia kwenye dizeli. Tazama paipu." Wakaenda wakatazama, wakaikuta imepasuka. Nilisema: kama mwanamke anayepasua kitambaa kipya. "Mkanda wa feni." Ulikuwa mkanda wa feni. Nikisema kama sufuria inayochemka kifuniko kikiruka, aliuliza kifuniko kizito au chepesi, nami nikijibu, hukumu ikatoka. Fundi mmoja wa Mokowe alikiri mbele ya watu kwamba siku hizi hafungui injini kabla hajajua Bi amesema nini. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimevimba. Shahada yangu, iliyochekwa na ukoo mzima, ilikuwa imepata kazi.

Halikunipitikia hata mara moja swali la kawaida kabisa: kwa nini mwenye sikio kama lile aazime langu?

Kisha akaja Bwana wa Ndau. Alikuwa mvuvi, mrefu, mkavu, viganja vimekatwakatwa na kamba. Ndau ni kisiwa kidogo, kila kitu chao huenda kwa chombo, na trekta halijawahi kukanyaga pale. Makonde yao ya mahindi na simsim yalilimwa na wanawake kwa jembe. Alisema ameona trekta jekundu la mtumba kando ya barabara huko bara, rahisi kuliko yote, na ili alipate atauza mashua yake pamoja na mashine yake na nyavu. Mnunuzi wa mashua alikuwa anasubiri jibu.

Daka lilimshukia.

"Bwana, wewe mtu wa bahari. Trekta utalitia nanga?"

"Na likizama, utapiga mbizi konde zima?"

"Ndau mutavua viazi sasa!"

Alingoja wamalize. "Chekani," alisema. "Mgongo wangu haukubali tena kuvuta wavu. Nikikaa kitako, wanangu watakula kicheko chenu?"

Simu ikapita chini ya pazia, Bi akanipa, nikaiweka sikioni. Injini ilinguruma vizuri, lakini chini ya ule mngurumo palikuwa na kishindo: ndu, ndu, ndu, kizito, kama mchi wa jirani ndani ya kinu. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa mchi. Nataka hilo lijulikane. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaanza sentensi nyingine, nzuri zaidi.

"Lasemaje?"

"Kama bi harusi anashuka ngazi, Bi, pole pole, amejifunika, na..." Bi harusi hashuki ngazi na mchi. "Na bangili zake zinagongana."

Bi alikaza macho. "Bangili? Si mchi?"

"Bangili, Bi."

"Nakuuliza tena. Bangili?"

Mimi nilidhani ameshasikia mwenyewe na anaupima mfano wangu kama utasimama. Nikautetea, kama mtu anavyoutetea ubeti wake. "Bangili, Bi."

Ile sauti ikatoka nje. "Bangili si neno. Ni valvu, fundi ataziweka sawa kwa asubuhi moja. Kwa udongo wenu wa mtanga litawafaa. Nunua."

Bwana wa Ndau alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akatoka na bangili zangu, akauza mashua.

Habari zilitufikia kidogo kidogo. Trekta limepakiwa kwenye tishari, watu wa Ndau wamesimama ufukoni wote. Trekta limeshuka. Trekta limelima siku ya kwanza, wanawake wanalifuata nyuma wakipiga vigelegele. Siku ya pili, ya tatu. Siku ya nne, katikati ya konde la mjane mmoja, pakatoka mlio mmoja wa chuma, na moshi, na basi. Injini imenoki, kama wasemavyo mafundi: imekufa kwa ndani. Fundi alipoifungua alikuta krenki, ule mhimili wa ndani ya injini, imekwisha, na alisema ugonjwa ule si wa siku nne. Ulikuwemo tangu siku ya kununua, na mwenye sikio angeusikia ukigonga.

Alhamisi ile daka lilijaa kuliko siku yoyote, na hakuna aliyeleta simu. Bwana wa Ndau aliingia kwa chombo cha mtu mwingine. Hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu angepiga.

"Bi," alisema, "sikuja kulaumu. Mimi ni mtu mzima, nalinunua kwa mkono wangu. Nimekuja kuuliza neno moya tu, nilale. Siku ile uliposikiliza, ulisikia nini?"

Nikamtazama Bi. Alikuwa ananitazama midomo. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa muda mrefu sana alikuwa akiitazama midomo yangu.

"Auliza siku ile ulisikia nini," nilimwambia polepole.

Aliuweka ungo chini. Angeweza kusema chochote. Daka lile lingemwamini angesema bahari ni maziwa. Angeweza kusema amri ya Mungu, au fundi ameikaza vibaya, au dereva hajui kazi, na wanaume wangetikisa vichwa na kumrudia Alhamisi ijayo.

"Sikusikia kitu," alisema, kwa sauti ile ile, na kila mtu akasikia. "Shikio langu limekufa tangu mwaka juzi. La kulia kwanza, la kushoto likalifuata. Nalinena nisilolisikia, kwa kuwa nalipenda kuulizwa. Kosa ni langu, na nyote mulioketi hapo ni mashahidi."

Miaka yote ya heshima ilikuwa imekaa juu ya masikio yale mawili, naye ameyachukua mwenyewe akayaweka barazani. Nilifungua mdomo kusema. Mkono wake ulinikamata goti, akanifinya kwa nguvu nisiyoitarajia kwa mtu wa umbo lile.

"Bwana wa Ndau," aliendelea, "langu liko Hindi. Lichukue. Lako ulete kwangu."

"Bi, sikuja kutaka..."

Alinitazama. "Asema hakuja kutaka," nilisema.

"Wala sikupi. Nabadilisha, chuma kwa chuma. Lakini jua hili. Kitu hakijawa cha mtu mpaka aambiwe ila zake, yaani kasoro zake. Mwenye kuuza azinene zote ndipo mauzo yatimie. Na mimi ila za langu siziyui, kwa kuwa miaka yote nalikataa kuambiwa. Basi utalima nalo, utaziona, uje uninenee mimi. Mpaka siku hiyo litakuwa langu, wewe umelibeba tu."

Mzee mmoja nje alianza kulia, akasingizia tumbaku.

Walipoondoka nilimwambia. "Bi, haikuwa bangili. Ilikuwa mchi."

Alisoma midomo yangu, kisha akaniambia nirudie, nikarudia. Nilitarajia anifukuze, au anisamehe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili.

"La bei ile nalitaraji mchi. Nalikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Mara mbili."

"Ndiyo, Bi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za bi harusi na sentensi. Nikiwa naeleza nilijisikia, na sijawahi kujisikia mpumbavu kiasi kile, hata siku ile nilipomtetea mshairi mmoja mbele ya maprofesa watatu nikiwa sijamaliza kumsoma. Bi alisikiliza mpaka mwisho kwa macho yake.

"Mimi langu nimelisema mbele ya watu," alisema. "Hilo la mchi ni lako. Nenda Ndau ukamwambie mwenyewe."

Nilikwenda na trekta la Bi. Nilikaa kwenye tishari siku nzima kando ya lile dude kongwe, limefungwa kamba pande nne, linanuka dizeli, na kila wimbi lilipopiga nilijizoeza maneno. Pale Ndau walilishusha kwa mbao na kelele nyingi. Bwana wa Ndau nilimkuta kondeni, amesimama kando ya lile jekundu lililokufa, na mkewe na wanawake wengine wameketi kivulini mwa trekta hilo wakila muhogo. Nikamwambia yote. Sikupamba.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mchi?"

"Mchi."

"Na bi harusi?"

"Hakukuwa na bi harusi."

Mkewe alitema ganda la muhogo. "Mwanamke mzima," alisema, "umesoma mpaka umefika huko ulikofika, husikii tofauti ya mchi na bangili? Njoo nyumbani nikupe kinu, utwange mpaka magharibi, shikio lifunguke." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Bwana wa Ndau hakucheka. Alipangusa mikono, akasema, "Umesema," akaenda kusaidia kuliwasha trekta la Bi. Sijui hadi leo kama neno lile lilikuwa msamaha. Lakini kinu nilipewa kweli, na nilitwanga.

Wengi walidhani Alhamisi zimekwisha. Kwa wiki kadhaa daka lilikaa tupu, paka akalala kwenye viti vya mawe. Kisha mmoja akarudi, halafu wawili, kwa sababu yale maswali yake manne hayakuhitaji masikio, na kwa sababu, kama alivyoniambia yule fundi wa Mokowe, ni nani mwingine katika visiwa hivi vyote amewahi kusema "sikusikia"? Ajenti anasema lake ndilo bora, jirani anasema la kwake halijawahi kuharibika. Hapa kuna mtu mmoja aliyekosea akasema amekosea. Ukitaka ushauri wa trekta, alisema fundi, nenda kwa huyo.

Siku ninayotaka kumalizia ilikuwa baada ya mavuno. Nilikuwa ndani na Bi, nikimkatia kucha za miguu, niliposikia nje salamu niliyoijua. Daka lilikuwa na watu sita au saba. Walimpisha mwenye salamu akae, akakataa, akabaki amesimama.

"Bi, nimekuja na ila za trekta lako."

Bi aliniangalia.

"Ni Bwana wa Ndau," nilisema. "Asema amekuja na ila za trekta lako."

Alijitengeneza kitako, akavuta ushungi vizuri kana kwamba nje wangemwona. "Azinene. Na wewe uninenee kama yalivyo."

"Lavuja mafuta kwa nyuma, gurudumu la kulia," alisema Bwana wa Ndau.

"Lavuja mafuta kwa nyuma, gurudumu la kulia."

"Breki ya kushoto haishiki. Mai yake hupungua, kila adhuhuri twaongeza."

"Breki ya kushoto haishiki. Maji hupungua, kila adhuhuri wanaongeza."

"Gia ya tatu haingii mpaka ulitukane."

Nilisita. Nje mtu alikohoa kuzuia kicheko. "Gia ya tatu haingii mpaka ulitukane," nilisema.

"Hulitukana vipi?" Bi aliuliza.

"Asema hayo hawezi kuyarudia hapa."

Bi aliinama akaficha mdomo kwa kiganja. Bwana wa Ndau aliendelea kutaja, nami niliendelea kurudia, moja baada ya moja: kiti kilichovunjika, taa isiyowaka, plau inayovuta upande. Jasho lilinitoka. Kila neno nililitoa jinsi lilivyoingia, bila kulivisha kitu. Bi alitikisa kichwa kwa kila ila kama mtu anayepewa habari za mtoto aliyekaa ughaibuni miaka mingi: kumbe amekonda, kumbe anavuta sigara, kumbe yu hai.

"Ya mwisho," alisema Bwana wa Ndau, "ni kuwa laenda taratibu mno. Konde ambalo jipya lingelima kwa asubuhi, hili lalima siku nzima." Alivua kofia. "Lakini msimu huu Ndau hakuna mwanamke aliyelima kwa jembe. Hata mmoja. Sasa hilo siyui kama ni ila."

Nikamwambia Bi na hilo, kama lilivyo.

Aliweka mikono mapajani, akauliza, "Zimekwisha zote?"

"Zimekwisha, Bi."

"Mwambie sasa mauzo yametimia. Ni lake."

Nikaligeukia pazia. "Asema mauzo yametimia. Trekta ni lako."

Nje nilisikia ndara zikisugua sakafu, mtu akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Na yale mafuta yavujayo?" aliuliza.

Nikamrudishia Bi swali.

"Nayo pia," alisema.